Hisabati si Bidhaa ya Jioni

Wapo walimu, nao wanajijua, ambao asubuhi hufundisha Hisabati nusu nusu ili jioni wauze nusu iliyobaki. Huo ni unyonyaji, na anayenyonywa ni mtoto wa mkulima. Ndugu mmoja, mwalimu wa sekondari, amejitolea kubaki na wanafunzi hadi saa kumi na moja, chaki mkononi, bila kudai hata senti. Wenzake wamwita mharibifu wa soko. Soko gani? Mwaka 2022, katika mtihani wa Kidato cha Nne, ni takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano aliyefaulu Hisabati!

Watasema mshahara hautoshi. Ni kweli, wala kujitolea kwa mmoja kusiwe kisingizio cha kutoajiri wengine. Lakini dai hilo lipelekwe kwa mwajiri, si kwenye kibindo cha mama muuza maandazi. Miaka ya 1970 walimu walifundisha watu wazima jioni, wala kisomo hakikuwa biashara. Anayemcheka mwenzake leo atujibu: ile milinganyo aliyoiruka asubuhi, alilipwa na nani kuiruka?