Pima Njia ya Waya
Kiangazi cha Dodoma ndicho msimu wa mahubiri, mikutano ya hadhara na harusi za uwanjani, na fundi sauti asiyepima njia ya waya wake anawaonea wasikilizaji. Waya wa analojia ukizidi urefu huanza kwa kuvuma, nawe ukapata muda wa kushtuka. Wa kidijitali hausamehe: sauti hukatika ghafla, spika zikanyamaza mbele ya umati. USB 2.0 kikomo chake ni mita 5. Kebo ya mtandao itokayo jukwaani hadi kwenye miksa, mita 100. Basi tumia futikamba, fuata kuta na milango waya unakopita, kisha ongeza mita chache. Kununua mfupi ukaungaunga ni hasara, maana vumbi letu hili hupenya kwenye kila kiungo.