Chuku ya Wawili, Maswali ya Mmoja Mmoja

Mwezi huu tuongelee mgongo. Siku hizi mtu akimaliza wiki nzima mbele ya kompyuta, Jumamosi anamshika mwenzake mkono: twende hijama. Wanakwenda wawili wawili kama wanakwenda sinema. Tangu Michael Phelps aonekane na viduara mabegani kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, vijana wa mjini wameona kumbe ni mambo ya kisasa. Bibi zetu wanacheka tu. Wao waliita kuumika, au kupiga chuku, na walitumia pembe. (Ndiyo, kupiga chuku hiyohiyo ambayo pia ni kutia chumvi, na wapo wanaoitangaza tiba hii kwa maana zote mbili.)

Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu na mchumba wake Mazinde, kwa mzee mmoja anayeumika. Mazinde ni chini ya milima ya Usambara, kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha. Lushoto kule juu unavaa sweta. Hapa jasho linakutoka umekaa. Mzee hakugusa kikombe. Aliuliza kwanza kama wamekula na kunywa maji, maana mwenye njaa akichanjwa kwenye joto lile anaweza kuzimia. Kisha akamgeukia jamaa: “Unatumia dawa yoyote, kijana wangu?”

Jamaa akamtazama mchumba wake, akasema hapana.

Mzee alimwomba binti akapunge upepo nje, akarudia swali. Ndipo ikatoka: damu iliwahi kumganda mguuni, na kila jioni anameza warfarini. “Ningekuchanja, damu ingekuwa ngumu kukatika,” mzee akamwambia. “Hata kikombe kikavu sikuwekei mpaka daktari wako akubali.”

Njiani alimweleza mwenzake mwenyewe, kwa shida. (Wameniruhusu niandike.) Binti alinyamaza kilomita kadhaa, halafu akasema: “Ungemwagika damu mbele yangu, na daktari nisingejua cha kumwambia.”

Ndiyo maana nasema, nendeni wawili lakini kila mtu ahojiwe peke yake. Mengine hayasemeki mbele ya mpenzi. Dada ambaye siku zake zimechelewa, na bado hajamwambia mtu, atajibu nini? Na mjamzito hapaswi kuumikwa tumboni wala kiunoni. Bora aahirishe kabisa. Mwenye selimundu, hemofilia au upungufu wa damu asichanjwe. Anayemeza asprini kila siku, mwenye presha isiyotulia, mwenye kifaa cha moyo au kisukari, amuulize daktari kwanza. Kikombe hakiwekwi juu ya kidonda, upele wala mishipa iliyovimba.

Halafu usafi, na hapa sina utani. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako, na mwumikaji avae glavu. Vikombe vilivyonyonya damu ya mwenzako visije mgongoni kwako, hata kama mnalala kitanda kimoja. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi siku 7 nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka usiyoiona, na kusuuza kwa maji hakukiondoi. Chanjo yake ipo, kachanjeni. Wanaotumia moto ndani ya kikombe nao wameshaunguza migongo mingi. Pampu ya mkono inatosha. Kwa Tanzania, sheria ya mwaka 2002 inataka waganga wa tiba asili na tiba mbadala wasajiliwe na Baraza lao, hivyo kuomba kuona cheti si utovu wa adabu.

Je, inasaidia? Maumivu ya shingo na mgongo, wengi hupata nafuu ya muda. Akikwambia uache dawa za presha kwa sababu ya vikombe, vaa shati lako uondoke. Viduara hufifia ndani ya wiki moja au mbili. Palipochanjwa pakitoa usaha au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, na useme wazi kwamba uliumikwa.