Picha ya Mgongo Iandikwe na Saa ya Kuamka

Mwalimu wa sayansi hampi mwanafunzi alama zote iwapo ameandika kipimo bila kueleza kilipimwa katika hali gani. Sharti hili tunalolishikilia darasani naonelea halijatiliwa maanani panapopigwa picha za uti wa mgongo. Picha hubeba tarehe na hata saa, lakini ni nadra mgonjwa kuulizwa aliamka lini.

Baina ya pingili za uti wa mgongo mna diski zenye kiini laini kilichojaa maji. Tukisimama au kuketi, uzito wa mwili huzibana na maji yakatoka polepole. Tukilala, huyafyonza tena. Ndiyo sababu mtu huwa mrefu asubuhi kuliko jioni. Jambo hili si geni: kasisi Mwingereza, Joseph Wasse, aliliarifu shirika la wanasayansi la Royal Society, London, mnamo 1724. Mwaka wa 1985 watafiti Tyrrell, Reilly na Troup walieleza kwamba waliopimwa walipungua kwa wastani wa milimita 19 kwa siku, na zaidi ya nusu ya upungufu huo ulitokea katika saa ya kwanza baada ya kuamka.

Sasa, mashine ya MRI hutambua maji. Katika picha zinazotumiwa sana kuchunguza diski, yenye maji hung'aa na iliyokauka huwa nyeusi. Diski ileile yaweza kuonekana nene alfajiri, na jioni ikawa nyembamba na hafifu kidogo. Tuseme mgonjwa alipigwa picha saa moja asubuhi mwezi wa Januari, akarudi saa kumi na moja jioni mwezi wa Juni. Je, ugonjwa umezidi, au ni uchovu wa siku moja tu?

Wala saa ya ukutani pekee haitoshi. Msafiri aliyekesha ameketi katika basi kutoka Busia hadi Nairobi hufika hospitalini asubuhi, ilhali mgongo wake haujanyooshwa kitandani. Kwa saa ni asubuhi. Kwa mgongo bado ni jioni.

Sisemi kwamba picha hizi ni bure, la hasha! Diski iliyopasuka haiponi kwa usingizi wa usiku mmoja, na daktari hodari huzingatia dalili pamoja na picha. Ninalodai ni dogo: kila picha iandamane na maelezo ya saa aliyoamka mgonjwa na iwapo alilala, na picha za kulinganishwa zipigwe katika hali moja. Gharama yake ni wino tu. Aliyeuza ng'ombe ili alipie picha anastahili jibu kuhusu ugonjwa wake, si kuhusu safari yake.

Walimu nao waanzie shuleni. Wanafunzi wa bweni na wapimane urefu mara watokapo kitandani, kisha wapimane tena jioni, na waandike saa kando ya kila kipimo. Miongoni mwao wamo madaktari wa kesho.