Kabla fundi hajakuwekea kata-auti, muulize maswali haya

Ukinunua Probox au Vitz ya mkono wa pili huku Ruiru, mabeshte watakwambia kitu kimoja: "Weka kata-auti, wasikuibie." Ushauri ni mzuri. Shida ni jinsi kazi yenyewe inavyofanywa.

Fundi fulani atakata waya wa pampu ya mafuta, aunganishe kiswichi chini ya dashibodi, afunge na tepu nyeusi. Gari likisumbua kuwaka, anairuka rilei na kuvuta waya moja kwa moja kutoka kwa ignisheni. Gari linawaka, unalipa, unaenda zako.

Hapo ndipo hatari inaanzia. Gari la injekta limeundwa hivi: injini ikizima, kompyuta inakata umeme wa pampu. Ukigongana Thika Road, petroli inaacha kusukumwa. Lakini pampu iliyovutiwa waya wa moja kwa moja haijui umegonga. Itaendelea kumwaga petroli kupitia mpira uliopasuka, juu ya injini yenye moto, mpaka mtu azime ufunguo. Na kama dereva amezirai, nani atauzima?

Kwa hivyo, usione haya kuuliza. Kompyuta bado inaamuru rilei ya pampu? Fyuzi iko wapi, na ni ya kiwango kile cha kiwandani? Swichi inakata waya upi? Inafaa ikate ule mwembamba unaoamuru rilei, si ule mzito unaolisha pampu, kwa sababu kiswichi kidogo kikibebeshwa mzigo huo kinapata moto na kuyeyuka. Tena kisiwekwe mahali goti litakigusa. Injini ikizima ukiwa mbioni, usukani unakuwa mzito na breki inakuwa ngumu.

Una gari la zamani la kabureta ambalo limeongezewa pampu ya umeme? Weka pia swichi ya mgongano. Ikipata mshtuko mkubwa inakata umeme yenyewe, na ukishahakikisha hakuna mafuta yanayovuja, unaibonyeza irudi kazini. Magari mengi ya Ford na Land Rover yametoka nayo kiwandani.

Nawe unayejifunza ufundi kwenye gereji za Thika, mteja akikuharakisha, kataa njia ya mkato. Gari likiibwa linaweza kutafutwa. Aliyeungua ndani yake hatafutwi, anazikwa.