Maji Pekee Hayamtoshi Mtembezi wa Jangwani

Wengi huamini kwamba anayetembea jangwani hawezi kunywa maji kupita kiasi. Imani hiyo ina hatari yake, na huenezwa na ushauri wa "kunywa maji mengi" usiotaja chakula.

Aprili 2024 nilipiga kambi na rafiki yangu katika korongo la Grand Canyon, jimbo la Arizona, Marekani. Huko ni majira ya machipuko. Ukingoni, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, asubuhi kuna baridi kali. Mtoni, zaidi ya mita 1,300 chini yake, jua linachoma. Tena, tofauti na mlimani, korongoni kupanda huja mwisho, mwili ukiwa umechoka.

Rafiki yangu alikunywa maji kila baada ya dakika chache, njugu za chumvi akazikataa. Kufikia alasiri kichwa kilimuuma, akatapika, huku akienda haja ndogo kila mara, mkojo mweupe kama maji. Aliyekaukiwa hakojoi hivyo! Nilimnyima chupa, tukakaa kivulini, akala kidogo kidogo hadi akapata nafuu.

Chumvi ikipungua mno katika damu, maji huingia ndani ya seli na ubongo huvimba. Madaktari wameandika kuhusu wagonjwa wa aina hiyo Grand Canyon tangu miaka ya 1990. Mtu akichanganyikiwa au kushikwa na degedege, asinyweshwe maji. Apelekwe hospitali upesi.

Nawe msomaji ukienda Chalbi au Suguta, kunywa unapohisi kiu, na ule kitu chenye chumvi kila unapopumzika. Mwenye shinikizo la damu amwone daktari wake kabla ya safari.