Mgonjwa wa Saratani Asirudishwe Nyumbani na Maumivu

Maumivu ya saratani iliyoenea hayafuati ratiba ya kliniki. Huzidi usiku, na usiku huo wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wako nyumbani wakiuguzwa na binti au dada. Tiba shufaa inayoishia wodini, basi, imefanya nusu ya kazi.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: dawa inywewe, itolewe kwa saa, na ipande ngazi kutoka parasetamoli hadi kodeini, kisha mofini. Kanuni ya saa ndiyo hupuuzwa mno. Mofini ya maji hutuliza kwa muda wa saa nne hivi. Anayengoja mgonjwa alie ndipo ampe, amechelewa. Dozi ya kulalia huweza kuongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku. Dawa ya kulainisha choo nayo ianze siku ileile, kwani mofini hufunga choo, na wapo wanaoiacha kwa sababu hiyo tu.

Wanaodai kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri waitazame Uganda. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini yake ilikuwa unga uliochanganywa na maji, kihifadhi na rangi ya kutofautisha nguvu ya dawa. Ni dawa ya bei ndogo, na hupimwa hata vijijini. Mwaka 2004 nchi hiyo ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, maana kumngoja daktari kijijini ni kumwacha mgonjwa ateseke.

Kinachobaki ni hofu, nayo imo hata miongoni mwa waganga. Mgonjwa anayepewa mofini kwa kadiri ya maumivu yake ni nadra kuwa mraibu. Mwili huizoea, ndiyo maana haikatizwi ghafla, lakini hilo ni jambo jingine. Wala mofini si dawa ya kufia: huanzwa maumivu yanapoidai, hata kama mgonjwa ana miaka mbele yake.

Hatari kubwa iko siku ya kuruhusiwa. Wodini dozi ilipangwa vizuri. Nyumbani chupa inakwisha, zahanati ya karibu haina mofini, na mwuguzaji hajui aongeze kiasi gani. Wakuu wa hospitali na waweke sharti: mgonjwa asiruhusiwe bila dawa ya kumfikisha kliniki ijayo, dozi zilizoandikwa kwa lugha anayoisoma mwuguzaji wake, na namba ya simu ya muuguzi atakayeipokea usiku.