Mambo ya Nyumbani: Nani Atoke Nje?

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya tumbako ivutwayo ndani ya nyumba. Kama kuvuta ni halali kwa Mkristo ama si halali, hilo hatuliamui hapa. Mwajua jinsi linavyoamuliwa katika kanisa zenu, maana yako makanisa yaikatazayo tumbako kabisa, na yako yamwachiayo mtu dhamiri yake. Neno letu ni dogo zaidi, nalo lakaa mlangoni: moshi ukijaa chumbani, nani atoke nje?

Twauliza hivi kwa sababu ya jambo tuliloliona kwa macho yetu. Mvua za mwezi wa Machi zilitukuta katika kijiji kimoja upande wa Kahama, nasi tukapewa malazi kwa mwalimu wa shule, mtu mwema sana, mwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule ndogo. Baba yake mzazi alikuwa amekuja kukaa nao, kwa kuwa miguu ilimsumbua. Baada ya chakula cha jioni mzee akatoa kiko chake, akakishindilia, akamtuma mjukuu alete kaa la moto kutoka jikoni. Mvua ilikuwa kubwa, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia. Haukupita muda taa ikawa kama inawaka ndani ya ukungu. Mke wa mwalimu alikuwa amempakata mtoto wa miezi minne, ambaye kifua chake kilikuwa kikikoroma tangu jana yake. Mtoto akakohoa, akakohoa tena. Mama hakusema neno. Alijitanda kanga nyingine, akamfunika mtoto, akafungua mlango, akasimama upenuni huku maji ya mvua yakimrukia miguuni. Akakaa huko mpaka kiko kilipozimika.

Fikirini basi. Mwenye moshi alikaa pakavu karibu na taa, na wasio na moshi wakatoka mvuani. Wala hapana aliyeona ajabu. Mwalimu alitazama chini. Nasi wageni, tuliofika na vitabu vya mafundisho mikobani, tulinyamaza kimya, tukaendelea kuzungumza habari za mahindi. Jambo hilo latutia haya hata leo.

Mzee yule si mtu mbaya. Tulimwona asubuhi akimbeba mtoto yule yule na kumwimbia. Kama angalijua, asingalifanya vile; lakini nani wa kumwambia? Mkaza mwana wa Kisukuma hupiga magoti akimwamkia baba mkwe wake; atawezaje kumwambia aondoke sebuleni mwa mwanawe? Mtoto mdogo hana kauli. Mwana ataogopa kuonekana kuwa anamfukuza baba yake. Mgeni ataona kuwa si nyumba yake. Vivyo hivyo mwalimu mpya apangaye nyumba moja na mkubwa wake wa kazi, na mtumishi wa nyumbani, na mgonjwa alalaye katika chumba cha nduguye. Katika mambo mengi ya jirani na jirani, adabu yaweza kungoja kuombwa: mtu akikukanyaga mguu utasema, naye atauondoa. Bali katika jambo hili la moshi, aumiaye zaidi ndiye asiyeweza kusema kabisa. Kwa hiyo avutaye akingoja aambiwe, atangoja mpaka mtoto afikishwe hospitali.

Wako watakaotujibu kwamba moshi ni moshi tu, na babu zetu waliuvuta wakaishi miaka mingi. Ni kweli kwamba baadhi yao waliishi. Watoto waliozikwa hatukuwahesabu, wala hatukuuliza walikufa kwa nini. Lakini siku hizi mambo haya yamehesabiwa. Mwaka 1981 mganga mmoja wa Japani, jina lake Takeshi Hirayama, alitangaza habari za wanawake 91,540 wasiovuta tumbako, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, waliofuatwa kwa muda wa miaka 14. Ilionekana kwamba wale ambao waume zao walivuta sigara 20 au zaidi kwa siku walikufa kwa saratani ya mapafu karibu mara mbili kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Wake hao hawakuwasha sigara hata moja. Walipika, walifua, walilala chumba kimoja na waume zao, basi.

Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wamepata mambo ya namna ile ile. Mtoto akaaye katika moshi wa tumbako hushikwa na homa ya mapafu na maradhi ya masikio mara nyingi zaidi, na mwenye pumu hubanwa mara nyingi zaidi. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema kwamba watu zaidi ya milioni 1 wasiovuta hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya moshi wa wengine. Na mwaka 2006 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa taarifa iliyosema kwamba hakuna kiasi cha moshi huo, hata kidogo, kisicho na hatari, na kwamba kufungua madirisha au kuvutia chumba cha pili hakutoshi kuwalinda waliomo nyumbani. Neno hili la dirisha tungependa mlitie moyoni, maana ni udhuru tuusikiao kila siku: "Nimekaa karibu na dirisha." Moshi haujui dirisha ulilolikusudia.

Twajua pia kwamba tunawaandikia watu ambao karo za watoto wao zimetoka katika tumbako. Kahama na Ushetu ni nchi ya jani hilo, na mabani ya kulikaushia mnayajua kuliko sisi. Hatuandiki ili kumtia mkulima haya. Habari ya mazao ni neno jingine, tena refu. Lakini mkulima azijua nguvu za jani lile kuliko mtu wa mjini. Aliyechuma majani mabichi yenye umande asubuhi huweza kushikwa na kizunguzungu na kutapika, kwa kuwa sumu yake iitwayo nikotini hupenya ngozi. Jani liwezalo kumlaza mtu mzima kwa kuligusa tu, si la kuwashwa kando ya kitanda cha mtoto.

Tena tuwakumbuke vijana wetu wa machimboni. Mgodi mkubwa wa Geita wa siku hizi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, walakini wengi wa waliotoka katika nyumba zenu ni wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko, washukao maduarani kwa kamba na kusaga mawe kwenye makarasha. Vumbi la mawe yale lina chembe kali za silika, nazo zikiingia mapafuni hazitoki. Mtu aliyevuta vumbi hilo kwa miaka hushikwa na kifua kikuu upesi kuliko mwingine. Tumbako nayo huongeza hatari ya ugonjwa ule ule. Sasa fikirini chumba cha kupanga, wanalala wanne au watano, mlango umekomewa kwa kuogopa wezi. Mmoja akiwasha sigara, wote wamevuta. Na yule kijana aliyefika juzi kutoka kijijini, alalaye chini kwa hisani ya wenzake, hathubutu kunena, maana kesho atakosa pa kulala. Wazazi mnaowaandikia watoto wenu barua au kuwapigia simu, waulizeni habari ya chumba kama mnavyowauliza habari ya kazi.

Serikali ina sheria. Ile ya mwaka 2003 yazuia kuvuta katika mahali pa watu wengi, tena yakataza kumwuzia tumbako mtoto asiyetimiza miaka 18. Waalimu, hapo tuna neno nanyi. Mwalimu amtumaye mwanafunzi dukani akamnunulie sigara moja amemfundisha somo ambalo halimo katika ratiba, na tena amemtia mwenye duka katika kosa. Lakini sheria hiyo haifiki sebuleni wala chumbani. Huko hakuna askari. Kuna baba mwenye nyumba.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya nyama, mwakumbuka kwamba alikubali kuwa nyama yenyewe si kitu. Aliloliangalia ni ndugu aliye dhaifu, na madhara yatakayompata kwa uhuru wa mwenziwe. Twaona kwamba baba wa nyumba aweza kuanzia hapo hapo, bila kugombana na mtu juu ya halali na haramu.

Wala hahitaji desturi ya kigeni. Wazee wa Kisukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni uwashwao uani, ambapo wanaume na vijana waliota na kufundishana. Aliyekuwa na kiko alikivuta huko chini ya nyota. Ni sisi tuliojenga nyumba za bati na milango ya kufunga, tukauingiza mkutano ule ndani pamoja na moshi wake. (Wengine wataniuliza, na moshi wa kuni jikoni je? Neno lao ni la haki, nao pia waua. Tutaueleza mwezi ujao, pamoja na namna ya kujenga jiko lenye bomba. Lakini moshi wa kuni umetupikia ugali angalau.)

Mwalimu yule tulionana naye tena mwezi wa Juni. Mtoto alikuwa amepelekwa zahanati, akapewa dawa, akapona. Naye mwalimu alikuwa amefanya jambo ambalo sisi hatukulifikiri. Alijenga kibanda cha nyasi uani, kisicho na kuta, hatua kama ishirini kutoka mlangoni, akaweka kiti cha mzee chenye mgongo, na mafiga ya moto mbele yake. Kwa ajili ya miguu ya baba yake alisawazisha njia na kuondoa mawe. Hakuhubiri. Jioni ya kwanza alimwendea akamwambia, "Baba, moto umekwisha kuwaka shikomeni, twakungoja," akampa mkono, wakaenda pamoja, wakaketi. Jirani wawili wakaja. Mzee, ambaye tangu kufika kwake alikuwa hana wa kuzungumza naye isipokuwa ukuta, akasema mpaka saa nne.

Usiku wa tatu akauliza mwenyewe, "Mmenitoa ndani kwa nini?" Mwalimu akamweleza yote: kifua cha mtoto, na mama yake kusimama mvuani. Mzee akanyamaza kitambo kirefu, akigongagonga kiko juu ya jiwe. Kisha akasema, "Mbona hamkuniambia siku ile?" Mwalimu hakuwa na jibu, nasi tulipohadithiwa hatukuwa nalo.

Siku hizi, mwalimu alituambia, mzee akiisha kushindilia kiko huangalia kwanza upepo unakotoka, kisha huwaamuru wajukuu wahamie upande wa pili, ndipo aombapo kaa la moto.